Nani Atafukuza Ndege

Luberizi, Jumatatu 6 Aprili 1964

Shule imefunguliwa leo baada ya Pasaka, na nusu ya darasa langu haipo. Nimeita majina, nikajibiwa na mabenchi. Firmin, ambaye hawezi kukaa na neno mdomoni hata dakika moja, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, mpunga imetoka bichwa. Batoto wote iko ku vichanja, banafukuza ndege."

"Na weye mbona uko hapa?"

"Mama alisahau kuniamsha."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Libérate pia hayupo. Mwezi wa sita wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wanakwenda Uvira kufanya mtihani, na katika wasichana wote wa bonde hili ni Libérate peke yake mwenye nafasi ya kuingia sekondari ya masista. Akikosa kuanzia leo mpaka mavuno, basi, imekwisha. Mwakani watamtafutia mume.

Mimi ni mtoto wa Mulongwe, mjini Uvira. Kwetu mchele unatoka dukani. Sikujua kwamba una adui mwenye mabawa.

Jumatano 8 Aprili

Nimekwenda kwa Papa Kayumba, baba mdogo wa Libérate, aliyemlea tangu wazazi wake wafariki. Shamba lake liko kando ya barabara ya Bukavu. Katikati amesimamisha kichanja, miti minne mirefu na sakafu ya matete juu, hakina paa wala kivuli. Huko juu ndiko nilikomkuta Libérate, ameshika kamba ndefu iliyofungwa makopo mpaka pembe za shamba. Ndege wakishuka anavuta, makopo yanalia, naye anapiga kelele na kutupa madongo kwa kombeo. Anapanda kabla ya jua na kushuka jua likizama. Sauti imemkauka, hakuweza hata kunisalimia sawasawa.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta baba mkali. Wapi! Papa Kayumba alinipa kiti, akamwambia mke wake, Mama Mukamusoni, alete maziwa.

"Mwalimu," akasema, "ndege banaamka mbele ya kengele yako. Nikiacha shamba siku mbili, minye na watu wangu tutakula majani."

"Na weye mwenyewe, Papa? Si upande kule?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Minye? Mwanaume mwenye ndevu, nipande kupiga makopo? Bantu batasema Mukamusoni amenikalia kichwani!"

Mama Mukamusoni naye akacheka ndani ya jiko. Kumbe hapa kichanja ni cha watoto tu. Mtu mzima akikipanda anachekwa mpaka mavuno mengine, na juu ya hayo anapewa jina la utani.

Nikamwambia Uhuru umekuja ili watoto wasome. Akanitazama kwa upole. "Wakati ya Babelgiji walinilazimisha pamba. Siku ya Uhuru nikaruka-ruka mu barabara, nikazani hakuna tena muntu wa kunilazimisha. Sasa umekuja weye."

Nimerudi nyumbani na hasira, na maziwa tumboni.

Alhamisi 9 Aprili

Mvua. Hata ndege hawakutoka, na watoto wakaja shuleni wote. Nimeomba Mungu anyeshe mpaka Juni.

Jumatatu 13 Aprili

Hakusikiki kitu, Mungu wangu. Nasema "imla", nje wanajibu "Huii! Huii!", ile ya ndege, fupi na kali. Halafu wana nyingine, ndefu, inashuka mwishoni, inapokewa kichanja kwa kichanja mpaka inapotelea upande wa mto. Hiyo ndiyo inayonichanganya zaidi, kwa sababu darasa zima linageuza shingo dirishani. Leo imelia mara nyingi. Nimempiga Firmin kwa chaki.

Magari ya askari yanapita kwa wingi siku hizi, kwenda na kurudi. Direkta Venant, mkuu wa shule yetu, anasema kuna vijana wameingia milimani kujifunza vita, wana dawa inayogeuza risasi kuwa maji. Aliposema hivyo alikuwa anafuta miwani yake, ambayo ilikuwa safi.

"Serikali ni nani sasa, Direkta?"

"Fundisha tu, Anne-Marie," akasema. "Weye fundisha."

Alhamisi 16 Aprili

Leo mchana watoto wachache waliokuja wamepalilia karanga za shule, kama kila Alhamisi. Papa Kayumba alikuwa anapita. Akasimama kando ya shamba, akanisalimia vizuri sana, kisha akauliza, "Mwalimu, hii nayo ni masomo?"

"Ni kazi ya mikono. Inawafunza."

"Karanga anakula nani?"

Karanga tunakula sisi walimu na nyumba ya padiri.

"Basi na minye niko nafunza mutoto yangu kazi ya mikono," akasema, akaenda zake.

Nimekasirika siku nzima na sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa 17 Aprili

Nimepata dawa yao. Nimekwenda kwa padiri na nimesema yote, mpaka nikalia kidogo, na kulia kwenyewe hakukuwa uongo. Pentekoste watoto wanapokea komunyo ya kwanza. Nimemwomba atangaze kwamba mtoto asiyekuja shuleni hatapokea.

Jumapili 19 Aprili

Ametangaza. Kanisa zima likaguna. Mama Geneviève, mama yake Firmin, akapiga ishara ya msalaba kana kwamba nyoka amepita. Nguo nyeupe za komunyo zimekwisha kushonwa nyumba zote, nani atakubali mtoto wake abaki nje ya Mbingu kwa ajili ya ndege?

Najisikia vibaya kidogo. Najisikia vizuri sana.

Jumatatu 20 Aprili

Darasa limejaa! Hata wengine nimewasahau majina. Libérate amekaa benchi la mbele, macho mekundu kwa jua, amenifanyia hesabu zote bila kosa. Nilitamani kumbusu. Bonde lote kimya. Nimesikia chaki yangu mwenyewe ubaoni.

Jumanne 21 Aprili

Kimya tena. Tumemaliza sehemu kumi za kitabu cha hesabu. Mama Mukamusoni amenipita sokoni bila kunisalimia.

Alhamisi 23 Aprili

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Tulikuwa kwenye imla. Sikusikia kitu, nasema kweli, hata mbwa hakubweka. Nilipoinua kichwa walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni. Wenye bunduki, wengine na mikuki. Mmoja amevaa koti la askari wa serikali, mwingine kofia ya karani wa posta, mwingine majani kichwani na kifua wazi. Walisema Lingala, walisema Kifuliiru, walisema Kiswahili kama chetu. Direkta aliwaita "wakubwa wangu". Niliwaangalia nikitafuta alama ya kuniambia hawa ni wa nani, na sikuipata. Mpaka saa hii sijui kama walikuwa askari wanaokimbia waasi au waasi wanaokimbia askari.

Walitaka watu wa kubeba. Nje, chini ya bendera, walikuwa wameweka magunia na masanduku. Mkubwa wao akapita katikati ya mabenchi akiwagusa mabega watoto, kama anachagua ndizi. Yule, na yule, na yule.

Direkta Venant, ambaye mimi nimemcheka mwaka mzima kwa woga wake, alisimama mlangoni akainua mikono. "Wakubwa wangu, hawa ni batoto." Wakampiga kitako cha bunduki usoni. Miwani ikavunjika. Akasimama tena mlangoni. Wakampiga tena.

Mimi nikasema, "Nichukueni mimi. Nina nguvu kuliko wao."

Mwenye kofia ya posta akacheka kwa heshima kabisa. "Mwalimu abaki afundishe."

Firmin alipoguswa bega akaanza kuwasemesha kwa Lingala yake ya barabarani, wakamcheka, wakampenda. Kisha wakamgusa Libérate. Firmin akasema, "Huyu ni dada yangu, ana kifafa, atawaangushia gunia." Uongo mtupu. Hawakumsikiliza. Libérate akanitazama. Alikuwa bado ameshika kalamu. Hakuniomba kitu, alinitazama tu, kama anavyonitazama asipoelewa swali.

Wakaondoka nao kuelekea milimani.

Mama Mukamusoni ndiye aliyefika wa kwanza, anakimbia, kitambaa kimeanguka. Hakuuliza nani amewachukua. Aliuliza, "Nani aliita? Nani alikuwa ku kichanja?"

Hakuna aliyekuwa kwenye kichanja, Mama. Wote walikuwa kwangu.

Ijumaa 24 Aprili

Papa Kayumba hakunipigia kelele. Heri angenipiga.

Alinieleza polepole, kama mimi ndiye mtoto. Ile kelele ndefu inayoshuka mwishoni si ya ndege. Ni ya njia. Wakati wa Wabelgiji, agronomu, bwana shamba wa serikali, alikuja na gari kukagua pamba, na ambaye shamba lake lilikuwa na majani alikula kiboko. Watoto walio juu ya vichanja waliona vumbi kabla ya mtu yeyote, wakaita, na wanaume wakaingia matete ya mtoni mpaka Mzungu apite. Pamba ya lazima ikaisha, kelele ikabaki. Siku hizi wanawaitia magari ya askari, na kila mtu anajua pa kujificha.

"Ilituokoa miaka mingi," akasema. "Weye umeinyamazisha kwa komunyo."

Nilitaka kusema mtoto si mbwa wa kulinda njia. Ni kweli, si mbwa, na ningerudi Jumatatu ile ningesema hivyohivyo. Lakini mtoto wake yuko wapi? Na ni mimi niliyewakusanya wote chumba kimoja, wamekaa sawasawa, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Kila nikishika wazo moja, lingine linaniponyoka. Nilikuwa na haki. Nimewapoteza. Yote mawili hayakai pamoja kichwani mwangu, na hakuna linalotaka kutoka.

Jumatatu 27 Aprili

Shule imefungwa. Direkta amelala na bandeji, haoni vizuri.

Nimepita shamba la Papa Kayumba. Ndege walikuwa wengi mpaka mpunga umeinama. Yeye amekaa mlangoni anawatazama wakila, kana kwamba shamba ni la mtu mwingine.

Nikavua viatu, nikapanda.

Nguzo zilitikisika, nikadhani nakufa. Nikavuta kamba, makopo yakalia, wingu zima la ndege likainuka na kuhamia shamba la Mama Geneviève. Wanawake waliokuwa wanafua mferejini wakasimama, mikono viunoni. "Yoo! Mwalimu amepanda! Mamzeli wa Uvira anafukuza ndege!" Walicheka sana. Baadaye wakaona sishuki, wakaacha.

Alhamisi 30 Aprili

Sauti imeisha. Midomo imepasuka. Juu hakuna kivuli, na ukikaa ndege wanajua. Mimi nilikuwa nasema "kufukuza ndege" kama mtu anavyosema kucheza. Libérate amefanya hivi tangu akiwa na miaka saba, na alikuja kwangu siku za mvua akapata kumi kwa kumi. Ningejua, ningempenda zaidi, au ningemwogopa.

Jumamosi 2 Mei

Mama Mukamusoni ameniletea ugali na dagaa mpaka chini ya ngazi. Kisha akasema, "Weye unaita vibaya," akanifundisha. Ya ndege inatoka kooni. Ya njia inatoka tumboni, unaanzia juu na kuiachia ishuke. Tulifanya ya tumboni kwa sauti ya chini, tusije tukakimbiza kijiji. Mara akaanza kulia, na mimi pia, tukaendelea kufanya zoezi huku tunalia.

Jumanne 5 Mei

Mvua. Nimelala siku nzima.

Jumamosi 9 Mei

Wanasema waasi wako karibu na Uvira. Wanasema hapana, ni askari wamerudi. Mama yangu yuko Mulongwe na sina habari zake. Mama Geneviève ananisalimia kila asubuhi akipita kwenda shamba lake: "Mwalimu, umeamka?" Hajaniuliza juu ya Firmin hata mara moja.

Jumatano 13 Mei

Asubuhi, jua halijawa kali, nikaona watu juu ya tuta la mfereji. Wadogo. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, bila mzigo. Aliyetangulia alikuwa na mwendo ninaoujua.

Nikafungua mdomo nimwite jina. Lakini juu unaona vyote, na nikaona pia vumbi upande wa Bukavu. Lori. Watoto walikuwa wanakuja kuivuka barabara, na matete yaliwafanya wasilione lori, na lori lisiwaone wao.

Nikashika nguzo, nikaita kutoka tumboni. Ilitoka vibaya, ikakatika katikati. Nikaita tena. Upande wa mto mtu akaipokea, halafu mwingine, mabibi na wababa, watu wazima wakiita kelele ya watoto kutoka mashambani mwao. Juu ya tuta Libérate akainua kichwa. Akashika wawili waliomfuata kwa shingo, akawavuta chini kwenye matete, na tuta likawa tupu.

Lori likapita polepole. Watu wenye bunduki walikuwa wamejaa nyuma. Wa nani, sijui. Mmoja aliniona juu ya kichanja akanipungia mkono kama tunaenda sherehe. Nikampungia.

Vumbi lilipotua nilishuka bila ngazi, nina kidonda gotini. Libérate ametoka matopeni, miguu imevimba, mabega yamechubuka na kamba za mizigo.

"Mwalimu," akasema, "umeita kama mbuzi."

Papa Kayumba alikuja mbio, akaanguka, akainuka. Alimshika uso na kumgeuza huku na huku kama anatafuta kitu kilichopungua.

Wamerudi wote, ila Firmin hayumo. Wamembakiza kwa ajili ya Lingala yake, awe anasema kwa niaba yao vijijini. Ndiye aliyewaonyesha wenzake njia ya kutorokea, walipolala. Libérate alimwambia hayo Mama Geneviève mwenyewe. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Mudomo yake," akasema. "Siku zote nilimwambia mudomo yake."

Jumapili 17 Mei

Pentekoste. Hapakuwa na misa, padiri ameondoka. Wanasema Uvira imeshikwa. Nguo nyeupe zimerudishwa sandukuni.

Jumatano 20 Mei

Mtihani hautakuwapo. Hakuna Uvira ya kwenda, wala sekondari, wala anayejua lini. Lakini kipande cha pili cha shamba la Papa Kayumba, kilichopandwa kwa kuchelewa, ndiyo kwanza kimetoa vichwa, na ndege wanajua.

Nilipofika asubuhi Libérate alikuwa amenitangulia. Yuko juu, mabega bado mabichi, ameshika kamba.

"Shuka."

"Shule imefungwa, Mwalimu. Nifanye nini?"

Nimesomea ualimu miaka minne. Nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni na ubao mdogo niliouokota darasani, basi. Nikasema, "Tufanye imla. Nitapanda mimi, weye uandike chini."

"Unaita kama mbuzi, mpunga itaisha yote."

Hapo Papa Kayumba akatoka nyumbani. Nadhani alikuwa amesikiliza. Hakunitazama. Akavua kandambili, akazipanga vizuri chini ya ngazi kama mtu anayeingia kanisani, akapanda. Miti ililia. Akachukua kamba mkononi mwa Libérate, akamwonyesha ngazi kwa kidevu.

Wanawake mferejini hawakuamini. "Yoo! Kayumba! Mwenye ndevu! Mukamusoni amekupandisha!"

Mama Mukamusoni akatoka jikoni na mwiko wake. "Ndiyo, nimemupandisha! Na weye pandisha wako!"

Kicheko kilifika barabarani. Papa Kayumba akasimama wima juu yao wote, akavuta kamba kwa nguvu mpaka kopo moja likakatika, akapiga "Huii!" moja mbaya kuliko yangu. Ndege wakaruka. Libérate alikaa chini kwenye kivuli chake, ubao magotini, anatingishika kwa kucheka. Sijawahi kumwona akicheka darasani.

Ndege hawakwenda mbali. Walishuka shamba la jirani, la Mama Geneviève. Kichanja cha Firmin kiko pale, kitupu, makopo yananing'inia. Mama Geneviève alikuwa chini yake na fimbo, anakimbiza upande huu, wanashuka upande ule.

Nikaenda. Nikamwomba ruhusa nipande, akanishikia ngazi.

Kutoka kule nilimfundisha Libérate imla kwa kupiga kelele juu ya mpunga wa watu wawili. Sentensi ya imla husomwa mara mbili, wanafunzi wangu wote wanajua. Nikaisoma mara ya kwanza, akaandika. Ya pili Mama Geneviève akaniambia kutoka chini, "Sema kwa nguvu, Mwalimu. Uelekee mulima."

Nikageukia milima walikompeleka Firmin, nikaisema kwa nguvu zangu zote.